Mtutu Mpya wa Bunduki ya Kuwindia: Upi Utadumu, Upi Utalenga?

Bunduki iliyozoea kukusanya risasi ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 ikianza kuzitawanya hadi sentimita 10, mwenyewe huanza kuulizia mtutu mpya. Hapo ndipo kichwa huanza kumuuma. Kuna wa kromu-moli na wa chuma kisichoshika kutu, uliopigwa nyundo na uliokatwa kwa kisu, mnene na mwembamba, na bei zinapishana mara tatu hadi nne kwa vitu ambavyo ukiviweka mezani vinafanana. Hapa navilinganisha kwa ajili ya bunduki za komeo, yaani zinazofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi, zile za kuwindia na za mashindano ya shabaha. Msimamo wangu nausema mapema: aina ya chuma haina uzito ambao wauzaji wanaipa. Kinachoamua ni idadi ya risasi unazopiga kwa mwaka, ni risasi za aina gani, na mkono wa fundi atakayeufunga huo mtutu.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni mtutu

Mitutu mingi hutupwa ikiwa bado mizima. Skurubu za darubini zikilegea zinatawanya risasi vibaya kuliko mtutu uliochoka, na zile zinazoshikilia bunduki kwenye kitako ni vivyo hivyo. Zikaze, kisha geukia mdomo wa mtutu. Ule ukingo wa mwisho, risasi inapoagana na chuma, ukiwa na pengo hata dogo, gesi ya baruti hutokea upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kombo. Fundi mwenye mashine ya kukereza anakata milimita chache na kuunda ukingo mpya, nawe umeokoa pesa ya mtutu mzima.

Kuna pia shaba. Risasi nyingi za kuwindia zimevikwa koti la shaba, na kila moja ikipita inaacha alama yake ndani. Pitisha dawa ya kuyeyusha shaba, uiache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha vuta kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya bluu, bado shaba ipo. Rudia mpaka kitoke hakina bluu, ndipo urudi uwanjani ukapige risasi 10 kwenye karatasi moja. Usipige tatu. Risasi tatu zinadanganya, kwa uzuri na kwa ubaya.

Ikishindikana, mwombe fundi achungulie ndani kwa kamera. Mahali pa kutazama ni koo la mtutu, yaani sentimita chache za kwanza mbele ya chemba inapokaa risasi kabla ya kupigwa, pale inapoanzia mifereji ya kuizungusha. Mtutu uliochoka una nyufa ndogondogo zilizosukana pale kama ngozi ya mamba, na matuta yaliyo kati ya mifereji yamelika kingo zake. Ukiona hivyo, na shabaha imeharibika, haya, tununue.

Kinachoula mtutu

Si msuguano wa risasi, au niseme si huo hasa. Ni moto. Baruti inaungua kwa joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, wakati chuma chenyewe kinayeyuka kwenye 1,450 na ushei. Kinachookoa mtutu ni ufupi wa tukio: risasi inamaliza safari yake ndani kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde na kidogo. Mtutu wa .308 Winchester (aina ya risasi, iliyopewa jina kwa kipenyo chake kwa inchi) uliotumika kwa risasi 5,000 kwa hiyo umekuwa kazini sekunde sita au saba tu maishani mwake.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini aina ya risasi inaamua umri wa mtutu kuliko jina la kiwanda. Chukua .308 ya mwaka 1952 na .243 ya mwaka 1955. Ganda ni lilelile, la pili limebanwa tu shingo lishike risasi ya milimita 6. Baruti inakaribiana, ila moto wake sasa unapita kwenye tundu ambalo eneo lake ni kama theluthi mbili ya lile la kwanza. Matokeo yake, mpiga shabaha wa .308 anatarajia risasi 5,000 hata zaidi kabla mtutu haujaanza kumwangusha, mwenye .243 anahesabu 1,500 hadi 2,000. 6.5 Creedmoor iko katikati, 2,000 hadi 3,000. .300 Winchester Magnum, inayochoma gramu nne na nusu hivi za baruti kwa mlio mmoja, inarudi kwenye 1,500 hadi 2,000. Haya ni makadirio ya watu wa mashindano, ambao wanalia mtutu umekufa wakati mwindaji wa kawaida hajaona tofauti yoyote.

Tena kasi ya kupiga ina neno lake. Risasi 20 zilizopigwa kwa dakika mbili zinakula koo kuliko 20 zilizopigwa kwa nusu saa, kwa sababu chuma kilichokwisha kupata joto kinalainika. Kama mtutu huwezi kuushika kwa kiganja, acha upoe.

Sasa fanya hesabu yako. Mtu anayepiga risasi 40 kwa mwaka, ikiwemo zile za kurekebisha darubini kabla ya msimu, kwa .308 hatamaliza mtutu hata akirithisha mjukuu. Kwake neno "kudumu" maana yake ni kutu. Mtu wa mashindano anayepiga 3,000 kwa mwaka, mtutu kwake ni kitu cha kuisha, na kuuliza upi utadumu milele ni kupoteza muda. Anachotafuta ni ule utakaolenga vizuri tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kufa.

Kromu-moli au chuma kisichoshika kutu?

Kromu-moli, ambayo utaikuta imeandikwa 4140 au 4150, ni chuma kilichotiwa kromu na molibdeni kidogo. Ni kigumu, kinavumilia baridi na kugongwa, bei yake nafuu, na kinakubali rangi nyeusi ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba kinashika kutu, na ile rangi nyeusi haizuii mengi. Bunduki ya namna hiyo ukiiweka Tanga au Mombasa ndani ya mfuko wake wa ngozi, bila mafuta, hewa ya chumvi haikuonei haya. Mfuko wenyewe ndio unaotunza unyevu; ihifadhi nje ya mfuko.

Kisichoshika kutu, kwa mitutu ni 416 au 416R, kinakatika vizuri kwenye mashine na kinang'arishwa vizuri ndani. Ndiyo sababu wapiga shabaha wengi wanakipenda: uso wa ndani unatoka laini na wenye kipimo kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Koo lake kwa kawaida linastahimili moto kidogo zaidi. Mafundi wengi wanasema pia kwamba kinakufa ghafla, leo kinalenga na wiki ijayo hakilengi, ambapo kromu-moli inazeeka polepole na kukupa onyo. Jina lisikuhadae, hata hivyo. Salfa iliyotiwa humo ili kikatike vizuri inakipunguzia kinga, hivyo kutu kinashika, ila kwa kuchelewa. Na kwa mwenzetu anayewinda Alaska au kaskazini mwa Kanada: wapo watengenezaji wanaoonya dhidi ya mtutu mwembamba wa chuma hiki kwenye baridi kali, kwa kuwa kinakuwa cha kuvunjika. Huko chukua kromu-moli.

Kwa mwindaji wa kwetu, anayelala kambini wakati wa umande na kuipitisha bunduki kwenye mto, mimi ningeegemea kisichoshika kutu, au kromu-moli iliyotiwa naitraidi, ambayo naieleza hapa chini. Tofauti ya usahihi kati ya vyuma viwili hivi, vikitoka kwa mtengenezaji mmoja makini, haitaonekana porini.

Kupakwa kromu au kutiwa naitraidi

Kupaka kromu ndani ya mtutu ni mbinu ya kijeshi. Wajapani waliitumia kwenye bunduki yao ya Aina ya 99 wakati wa Vita Kuu ya Pili, AK zinayo, na Wamarekani walijifunza kwa machungu Vietnam: M16 za mwanzo hazikuwa na kromu, chemba zikashika kutu kwenye unyevu wa kule na maganda yakanasa, ikabidi waiongeze. Kromu inahimili moto wa mfululizo na chumvi inayobaki baada ya kupiga risasi za zamani zenye kiwashio cha kloreti. Lakini ni tabaka linalowekwa juu ya chuma, na halikai kwa unene uleule kila mahali. Shabaha inapungua kidogo. Askari haoni, mwindaji wa swala kwa mita 250 huenda akaona. Kwa bunduki ya komeo sioni sababu ya kulipia kromu.

Naitraidi ni habari nyingine, nami naipenda. Mtutu uliokamilika unatumbukizwa kwenye bafu la chumvi ya moto na nitrojeni inaingia kwenye ngozi ya chuma chenyewe. Hakuna tabaka la kubanduka, vipimo havibadiliki kiasi cha kukusumbua, uso unakuwa mgumu sana na kutu inapata shida. Sharti lake ni moja: kila kazi ya kukereza na kuchonga chemba iwe imekwisha kabla. Mtutu ulioshatiwa naitraidi ukitaka kuuchonga tena baadaye, utaharibu zana za fundi na atakufukuza.

Mifereji imetengenezwaje?

Hapa ndipo bei inapotoka, na hapa ndipo maneno mengi ya biashara yanapokaa.

Njia kongwe ni kukata kwa kisu. Kisu kidogo chenye ncha kinavutwa ndani ya tundu lililokwisha kutobolewa, kinazunguka huku kikikwangua unyoya wa chuma mwembamba usioweza hata kuuona vizuri, kisha mtutu unageuzwa kwa mfereji unaofuata. Inarudiwa mamia ya mara mpaka kina kitimie. Baadhi ya karakana za Marekani zenye sifa kubwa zimefanya kazi hii kwa mashine za Pratt & Whitney za enzi ya Vita Kuu ya Pili. Ni kazi ya saa nzima au zaidi kwa mtutu mmoja, lakini haikandamizi chuma, hivyo chuma hakibaki na mvutano ndani yake. Mtutu ukipata joto haupindi kutafuta mahali pa kupumzika. Krieger na Bartlein wanatumia njia hii, na meza za mashindano zimejaa mitutu yao.

Ya pili ni ya kitufe. Mike Walker wa Remington ndiye anayetajwa kuifanya iwe ya kawaida, miaka ya 1940. Kitufe kigumu cha kabaidi, chenye sura ya mifereji kinyume, kinasukumwa au kuvutwa mara moja tu na kuikandamiza mifereji kwenye chuma. Dakika moja na kazi imeisha, na ndani panatoka laini kama kioo. Kasoro ni mvutano: chuma kilichokandamizwa kinataka kurudi kilikotoka. Mtengenezaji mzuri anaupasha moto mtutu kwa utaratibu ili kuutuliza. Mbaya anaruka hatua hiyo, nawe unagundua risasi ya tano inapanda juu kushoto. Shilen wa Marekani na Lothar Walther wa Ujerumani wanatumia kitufe, na hakuna wa kuwadharau.

Ya tatu ni kupigwa nyundo chuma kikiwa baridi. Ilianzia Ujerumani, na inahusishwa na haja ya mitutu ya bunduki ya rashasha MG 42. Baadaye kampuni ya GFM ya Steyr, Austria, ikauza mashine zake duniani. Pande fupi na nene linavishwa juu ya ufito wa kabaidi wenye sura ya mifereji, kisha nyundo zinaligonga pande zote mpaka linarefuka na kushika umbo la ufito, mara nyingine na chemba yake humohumo. Dakika chache tu. Bunduki za Steyr huwa zinaachwa na alama za nyundo kwa nje, michirizi inayozunguka mtutu. Mashine ni ghali mno, kwa hiyo anayeimiliki ni kiwanda kikubwa: Sako na Tikka wa Finland, Ruger wa Marekani. Chuma kinakuwa kigumu juu juu, na mitutu hii ina sifa ya kudumu.

Je, ipi inalenga zaidi? Kwenye mashindano ya viwango vya juu, iliyokatwa na ya kitufe iliyosuguliwa kwa mkono ndizo zinazotawala. Lakini Tikka ya kawaida ya dukani, iliyopigwa nyundo, inaweka risasi ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 bila kusumbuliwa, na mnyama hajui tofauti ya sentimita 3 na moja na nusu. Mwindaji akilipa mara mbili ili apate mtutu uliokatwa, amelipia furaha yake. Si vibaya, ila ajue.

Mnene, mwembamba, au wa kaboni

Ugumu wa mtutu dhidi ya kupinda unakua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Ukiongeza unene maradufu, ugumu unapanda mara 16. Urefu nao unarudisha nyuma kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo mtutu mnene na mfupi hutikisika kidogo na kupokea joto jingi kabla ya kuhama shabaha. Gharama ni mabega: mtutu mwembamba wa kuwindia una kilo moja na robo hivi, mnene wa shabaha unapita kilo 2 kwa urahisi. Kwa mtu anayefuata nyayo za nyati tangu alfajiri, kilo hiyo moja ina maana, na risasi yake ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ndiyo atakayoihitaji. Mwembamba unalenga sawasawa kwa risasi hiyo na ya pili. Ninayemshauri, mara nyingi namwambia achukue unene wa kati.

Michirizi ya nje inayokatwa kupunguza uzito inapendeza macho. Ukilinganisha mitutu miwili ya uzito sawa, wenye michirizi ni mgumu zaidi. Ukilinganisha ya unene sawa, usio nayo unashinda. Ikikatwa baada ya mtutu kukamilika inaweza kuamsha mvutano, na wapo watengenezaji wakubwa wanaoikataa kabisa.

Ule wa kaboni, bomba jembamba la chuma lililovikwa nyuzi za kaboni, unakupa unene bila uzito. Christensen Arms na Proof Research ndio majina yanayosikika. Unafanya kazi. Bei yake pia unaisikia.

Mzunguko wa mifereji

Kosa hili haliponi kwa pesa. Mifereji ndiyo inayoizungusha risasi itulie hewani, na risasi ndefu inataka mzunguko wa haraka. Mwaka 1879 Greenhill, mwalimu wa hisabati kule Woolwich, Uingereza, aliandika kanuni yake: 150 zidisha kwa kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa urefu wa risasi, vyote kwa inchi. Bado inatosha kwa makadirio. Kwa .308, mzunguko mmoja kwa inchi 12 unafaa risasi za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 150 hadi 168, na kwa 180 kwenda juu chagua inchi 10. 6.5 Creedmoor ni inchi 8. .375 H&H, bunduki ya nyati tangu 1912, kwa kawaida ni 12. Risasi za shaba tupu, zisizo na madini ya risasi ndani, ni ndefu kuliko za uzito sawa zenye madini hayo, kwa hiyo ukihamia huko usichague mzunguko wa polepole.

Urefu wa mtutu usikuumize kichwa. Kupunguza inchi moja kunakunyima kama mita 8 kwa sekunde, na porini hutaiona.

Fundi na sheria

Mtutu bora ukifungwa na fundi mbovu ni chuma tu. Chemba ikichongwa kombo na tundu, risasi inaingia kwenye mifereji ikiwa imeinama na hakuna kitakachoirekebisha. Muulize fundi anapima vipi nafasi ya ganda kati ya komeo na chemba. Anayejua kazi atakuonyesha vipimo viwili: komeo lifunge juu ya kile kifupi, likatae kufunga juu ya kile kirefu. Kwa .308 tofauti ya vipimo hivyo ni inchi 0.004, sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Mtu anayesema "nafunga kwa uzoefu", chukua bunduki yako uondoke.

Marekani sheria ya shirikisho ya 1968 inaihesabu bodi ya bunduki, yaani kiunzi kinachobeba komeo, kuwa ndiyo silaha, hivyo mtutu unanunuliwa kama kipuri, na bunduki za Savage, zenye nati inayokaza mtutu, wengine hubadilisha wenyewe. Uingereza mtutu wenyewe ni kitu cha kuombea kibali, na hauuzwi bila kupimwa kwa risasi ya shinikizo kubwa na kugongwa muhuri, kazi inayofanywa London tangu 1637 na Birmingham tangu 1813. Tanzania silaha imeandikishwa kwa namba na aina ya risasi chini ya sheria ya 2015, na kuna bunduki ambazo namba yake imegongwa kwenye mtutu. Ukiuondoa, namba ya kibali inaondoka nao. Anzia polisi walikosajili silaha, kisha nenda kwa fundi mwenye leseni, na uagizaji ufanyike kwa jina na kibali chake au cha muuzaji anayetambulika.

Jambo moja wengi husahau kudai siku ya kuchukua bunduki: aina ya risasi igongwe kwenye mtutu mpya, na mzunguko wake pembeni. .308, .243, .260 na 7mm-08 zote zimezaliwa na ganda moja na zinaingia kwenye magazini ileile. Bila maandishi hayo, siku bunduki itakapokuwa mikononi mwa mwanao au mnunuzi, atakisia.